Limezoea, Mzee



Jumamosi ya tarehe 1 Februari 2003, jioni, sisi watatu tulikuwa sakristia ya parokia yetu huko Mbagala, wilaya ya Temeke, tukiandaa mishumaa. Kesho yake ilikuwa Dominika, tena Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, na watumishi wa altare tulikuwa tumepewa kazi ya kukata vikaratasi vya kuzuia nta isiwadondokee waamini mikononi. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi. Mwenzetu wa nne alikuwa amechelewa. Alipofika giza lilikuwa limeshaingia, na alikuwa anahema.

"Kimepasuka," alisema. "Kile cha Marekani. Wote saba."

Hatukuhitaji kuuliza kile kipi. Mwenzetu huyo alikuwa na tabia ya kuokota magazeti ya kufungia maandazi, akayakunjua, na kama kuna picha ya roketi akaikata na kuibandika kwenye daftari la zamani la hesabu. Kwa wiki mbili alikuwa akituhesabia siku: chombo kinachoitwa Columbia kimeondoka tarehe 16 Januari, kina watu saba, kitarudi Jumamosi. Jumamosi hiyo, ilipokuwa saa kumi na moja jioni kwetu, Columbia ilikatika vipande juu ya jimbo la Texas, dakika chache tu kabla ya kutua.

Kesho yake katika sala za waamini, katekista wetu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, aliongeza nia moja isiyokuwa kwenye karatasi. Aliwaombea watu saba waliokuwa wanarudi nyumbani wasifike. Kanisa zima liliitikia, na tuna hakika wengi walidhani anazungumzia ajali ya barabarani.

Leo sisi watatu ni mafrateri. Wa nne ana kibanda cha kutengeneza simu pale Rangi Tatu, na anatembea na fimbo. Sehemu kubwa ya makala hii ni yake. Alituruhusu kuiandika kwa masharti mawili: tusimtaje jina, na tusimfanye mtakatifu.

Chombo cha kwenda na kurudi

Tuanze na chombo chenyewe, maana wasomaji wengi wa umri wetu wanakikumbuka kwa mbali tu, na wadogo zetu hawajawahi kukiona kikiruka.

Safari za kwanza za binadamu angani zilifanywa kwa vyombo vya kutumia mara moja. Hata sisi wa pwani hii tulizigusa kidogo. Pale Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho cha Zanzibar kilikuwa kati ya vile vilivyopokea sauti yake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kikafungwa. Chombo cha Glenn nacho hakikuruka tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa vyombo vyote vya Mercury, na baadaye kwa vile vya Gemini na Apollo vilivyobeba watu: kila kimoja kilikwenda na watu safari moja, kikaishia hapo.

Ndipo likaja wazo la chombo cha kwenda na kurudi, kama basi. Mwezi Januari 1972 Rais Nixon aliidhinisha mradi wa Space Shuttle. Chombo kingepanda kama roketi na kurudi kama ndege, kitue kwenye uwanja, kisafishwe, kijazwe mafuta, kiondoke tena. Kila kimoja kilikusudiwa kufanya safari 100. Waliokuwa wakikipigia debe walizungumzia safari hamsini kwa mwaka, karibu moja kila wiki.

Columbia iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1981. Wakafuata Challenger, Discovery na Atlantis, na baada ya ajali ya Challenger ikaundwa Endeavour kuziba pengo. Walifanya mambo makubwa. Darubini ya Hubble ilipelekwa na Discovery mwaka 1990. Sehemu kubwa ya Kituo cha Kimataifa cha Anga ilibebwa na vyombo hivi, kipande kwa kipande. Lakini safari hamsini kwa mwaka hazikuonekana kamwe. Mwaka uliokuwa na safari nyingi kuliko yote ni 1985, nazo zilikuwa tisa. Katika miaka thelathini, vyombo vyote vitano kwa pamoja vilifanya safari 135. Discovery, iliyoongoza, ilifikisha 39.

Kwa nini? Mwenzetu hulieleza jambo hili kwa mfano wa simu. Mteja anakuja na simu iliyoanguka majini, anasema, "Ikaushe tu, itaendelea." Fundi anajua kwamba kukausha ndiyo kazi yenyewe. Shuttle ilirudi kutoka angani ikiwa imepita katika joto la kuyeyusha chuma. Tumboni na mabawani ilikuwa imevikwa vigae vya kukinga joto, zaidi ya elfu ishirini, na karibu kila kimoja kilikuwa na umbo lake na namba yake. Baada ya kila safari mafundi walivikagua kimoja kimoja, na kuvichoma sindano ya dawa ya kuzuia maji. Injini zilitolewa na kukaguliwa. Roketi mbili za pembeni zilifuatwa baharini kwa meli, zikafunguliwa na kuundwa upya. Tangi kubwa la mafuta halikurudi kabisa; kila safari ilikuwa na tangi jipya. Maelfu ya watu walifanya kazi miezi kadhaa ili wengine saba waondoke kwa wiki mbili.

Kwa hiyo wanaosema Shuttle ilikuwa chombo cha kutumika tena na tena wamesema nusu. Ilikuwa inatengenezwa tena na tena. Usalama wake haukutoka kiwandani siku ya kwanza. Ulitoka katika mikono ya watu waliokubali kuanza upya kila mara, kigae kwa kigae, kana kwamba hakijawahi kuruka.

Basi la hija

Sasa turudi Mbagala.

Kila mwaka kwaya na watumishi wa altare wa parokia yetu walikwenda hija Bagamoyo, kule ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza utume wao mwaka 1868. Kwa watoto wa Mbagala hiyo ilikuwa safari kubwa kuliko zote: kuvuka jiji lote, kupita Mwenge, Tegeta, Bunju, hadi kufika penye Msalaba na bahari. Tulianza kuhesabu siku tangu mwezi mmoja kabla.

Mwaka 2004 lilikodiwa basi aina ya Coaster. Lilipoingia uwanja wa kanisa alfajiri na kusimama, lilitoa sauti ya chuma kusaga chuma. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na orodha ya majina. Akamuuliza dereva ile ni sauti gani. Dereva hakujibu. Aliyejibu ni konda, huku akicheka: "Limezoea, mzee. Ndivyo lilivyo."

Mwalimu alikunja orodha yake akasema watoto hawapandi.

Kukawa na mabishano. Wazee wa kwaya walisema pesa imeshalipwa. Wakina mama wa WAWATA walisema basi hilo hilo liliwapeleka msibani Mkuranga wiki iliyopita na kuwarudisha. Mwalimu hakupandisha sauti, ila hakuhama mlangoni. Mwishowe watu wazima wakaondoka na sisi tukabaki. Tulilia. Mmoja wetu alimwambia Mwalimu neno ambalo mtoto wa Utoto Mtakatifu hapaswi kumwambia mtu mzima. Usiku kwaya ikarudi ikiimba, hakuna aliyepata hata mkwaruzo, na kuanzia siku hiyo watu wakampa Mwalimu jina la Bwana Breki. Nasi tuliitumia, kwa siri kwanza, baadaye waziwazi.

Mwaka 2005 lilikuja basi lile lile, na sauti ile ile. Mwalimu alisema tena. Safari hii hakuna aliyemsikiliza, maana lilikuwa limeshakwenda na kurudi salama mwaka mmoja mzima. Alitazama huku na huku, akasema, "Kama watoto wanakwenda, na mimi nakwenda," akapanda akakaa mbele.

Tulikwenda vizuri. Tulisali, tukala pilau, tukakanyaga maji ya bahari. Wakati wa kurudi, jioni, kwenye mteremko, breki zilikataa. Dereva alifanya alichoweza: aliliacha basi liingie mtaroni na kugonga mwembe badala ya kugongana na lori lililokuwa linapanda. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Watu kadhaa walivunjika. Mwenzetu wa nne alibanwa mguu chini ya kiti, na mguu huo ulipona vibaya.

Kiti kile cha dirishani kilikuwa cha mmoja wetu. Walikuwa wamebadilishana njiani kwa sababu mwenzetu alitaka upepo. Hatutasema ni nani kati yetu. Kwa miaka mingi sisi watatu tumekibeba kiti kile pamoja, na tumekubaliana kuendelea kukibeba hivyo.

Kurudi salama kulivyotudanganya

Miezi mingi alipokuwa kitandani, mwenzetu alisoma kila alichopata kuhusu Columbia, na kuhusu Challenger kabla yake. Sisi tulikuwa tunamletea magazeti. Ni yeye aliyetuonyesha, akiwa na miaka kumi na nne au kumi na tano, kwamba ajali zile mbili na ajali yetu zilikuwa ndugu.

Challenger ilipasuka tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuondoka, ikiwa na watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe. Kosa lilikuwa kwenye pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi za pembeni. Mafundi walikuwa wakijua. Katika safari za nyuma roketi zilipookotwa baharini, baadhi ya pete zilikutwa zimeunguzwa na moto ambao haukupaswa kuzifikia. Lakini chombo kilikuwa kimerudi salama. Kikarudi tena. Usiku wa kuamkia safari ile kulikuwa na baridi ya kugandisha maji, na wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi walisema wazi kwamba mpira hautafanya kazi katika baridi hiyo, wasirushe. Wakajikuta wanatakiwa kuthibitisha kwamba kitapasuka, badala ya wakubwa kuthibitisha kwamba hakitapasuka. Hawakuweza kuthibitisha. Asubuhi kikarushwa. Wiki mbili baadaye, mbele ya kamera za televisheni, mwanafizikia Richard Feynman alitumbukiza kipande cha mpira ule katika glasi ya maji ya barafu na kuonyesha jinsi kinavyopoteza uwezo wake wa kurudia umbo. Jambo lililowashinda mafundi kulithibitisha usiku kucha likaonekana katika glasi moja ya maji.

Miaka kumi na saba ikapita. Safari hii tatizo lilikuwa povu gumu linalofunika tangi la mafuta. Vipande vya povu vilikuwa vikibanduka na kugonga chombo tangu safari za mwanzo. Kanuni zilisema jambo hilo lisitokee. Lilitokea, chombo kikarudi, likaandikwa kama kazi ya kurekebisha vigae. Tarehe 16 Januari 2003 kipande kisichofika kilo moja kiligonga bawa la kushoto la Columbia. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha chombo kikiwa bado angani. Wakubwa hawakuona sababu. Povu si limekuwa likigonga siku zote?

Tume iliyochunguza ilitoa ripoti yake mwezi Agosti 2003, na ilisema bila kuficha kwamba desturi za shirika zilichangia ajali ile sawa na lile povu. Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, alikuwa mjumbe wa tume ya Challenger na ya Columbia pia. Alisema aliona mambo ya 1986 yakijirudia. Mwanasosholojia Diane Vaughan, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Challenger, alikuwa ameshaeleza namna kasoro inavyogeuzwa kuwa hali ya kawaida: kila mara inapovumiliwa bila madhara, kipimo cha kinachovumilika kinasogea mbele kidogo.

Konda wetu alilisema hilo kwa neno moja. Limezoea.

Kila tunapolitafakari neno hilo tunaona kwamba halikuwa la kweli. Basi halikuzoea kitu. Chuma hakizoei, kililiwa siku kwa siku, kwa utulivu, hadi kikaisha. Waliozoea ni watu. Na kila safari iliyorudi salama, badala ya kutufanya tushukuru na kukagua, ilitupa ushahidi wa kumcheka Mwalimu.

Namna mbili za kustaafu

Januari 2004 Rais Bush alitangaza kwamba vyombo vya Shuttle vingemaliza ujenzi wa Kituo cha Anga kisha vistaafu. Safari chache zilizobaki zilifanywa kwa uangalifu mpya: baada ya Columbia, chombo kilipokaribia Kituo kilijigeuza taratibu tumbo juu, ili walio ndani ya Kituo wapige picha vigae vyake. Lilikuwa jambo ambalo lingewezekana kubuniwa tangu mwanzo.

Katika safari ya mwisho ya Endeavour, tarehe 21 Mei 2011, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alizungumza na wanaanga waliokuwa juu kule. Hakuna papa aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Wengi wanakumbuka medali aliyoituma ikielea hewani mbele ya kamera. Sisi tunakumbuka zaidi jambo jingine. Kati ya wanaanga alikuwemo Mwitaliano Paolo Nespoli, aliyefiwa na mama yake akiwa angani, asiweze kurudi kumzika. Papa alimtaja kwa jina na kumpa pole. Katikati ya mitambo yote ile, alimwona mfiwa.

Tarehe 21 Julai 2011, karibu saa saba mchana kwa saa zetu, Atlantis ilitua Florida ikiwa na watu wanne, na magurudumu yaliposimama mradi mzima ukawa umekwisha. Mwenzetu alitupigia simu. Hakuwa na furaha. "Bado kinaruka," alisema. "Kimefanya safari 33 kati ya 100. Mbona wanakistaafisha?"

Zipo sababu nyingi: kila safari iligharimu fedha nyingi mno, vyombo vilikuwa vimezeeka, na watu kumi na wanne walikuwa wamekufa. Kwa karibu miaka tisa iliyofuata Wamarekani walipanda vyombo vya Soyuz vya Warusi, hadi tarehe 30 Mei 2020 walipoanza kutumia Dragon, chombo kingine cha kutumika tena, na mmoja wa wawili waliokipanda siku hiyo alikuwa Doug Hurley, rubani wa safari ile ya mwisho ya Atlantis. Lakini jibu lililomtuliza mwenzetu lilitoka kwa Mwalimu.

Mwaka uliofuata, Mwalimu alikwenda kwa Paroko na kuomba kustaafu. Hakuwa mgonjwa. Darasa lake lilikuwa limejaa. Paroko alimsihi abaki. Tulipomwendea nyumbani kumuuliza, alituambia hivi: "Jumamosi iliyopita nimewafundisha watoto somo la Ekaristi toka mwanzo hadi mwisho, bila kukosea neno, huku nafikiria bei ya mchele. Watoto hawakujua. Mimi nimejua. Nimezoea." Alimkabidhi mrithi wake daftari lenye jina la kila mtoto, na pembeni ya kila jina jambo moja la kuangalia: huyu hasikii vizuri sikio la kulia, huyu anakuja bila kula, huyu msimuulize habari za baba yake.

Kuna namna mbili za kustaafu. Warusi wa enzi ya Kisovieti nao waliunda chombo kama Shuttle, kikaitwa Buran. Kiliruka mara moja tu, bila mtu ndani, tarehe 15 Novemba 1988, kikatua chenyewe vizuri kabisa. Fedha zikaisha, nchi ikasambaratika, kikaachwa ndani ya banda huko Baikonur. Tarehe 12 Mei 2002 paa la banda likaanguka, likakiponda chombo na kuua watu wanane waliokuwa kwenye matengenezo. Vyombo vitatu vya Shuttle vilivyobaki navyo havitaruka tena, lakini viko mahali panapotunzwa, na watoto hupelekwa kuvitazama. Tukitembelea wastaafu wetu, mapadre, masista, makatekista, na tujiulize tumewaweka katika banda lipi.

Tena mstaafu hamalizi kazi. Mwezi Februari 2000, Endeavour ilikaa angani siku kumi na moja ikiwa na rada kubwa na mlingoti wa mita 60, ikapima miinuko ya karibu asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia, Tanzania ikiwemo. Vipimo vile viko wazi kwa yeyote, na hadi leo wataalamu wanaotaka kujua maji yatapita wapi mara nyingi huanzia hapo. Miezi mitano baada ya Atlantis kutua, Desemba 2011, mvua kubwa ziliifunika Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, watu zaidi ya arobaini wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, Kinondoni. Mmoja wetu alifanya mwaka wake wa uchungaji upande huo wa Kinondoni. Jumuiya ndogo ndogo alizosali nazo zilikuwa na watu waliowahi kuona maji yakifika darini. Walikuwa wameishi bondeni miaka na miaka. Maji yalikuwa yanakuja kila masika na kurudi. Walikuwa wamezoea, kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Hilo nalo tulikumbuke kabla ya kumhukumu maskini kwa neno hili.

Sisi je?

Sisi tunaojiandaa kwa upadre tuna hatari yetu. Tunaamka kwa kengele, tunasali masifu, tunaingia Misa, kila siku, miaka tisa au kumi. Mtakatifu Paulo anatufundisha kwamba hazina yetu tunaibeba katika vyombo vya udongo. Udongo nao una nyufa ndogo. Tafakari iliyorukwa wiki hii, na hakuna lililotokea. Neno kali kwa mpishi, na hakuna aliyelalamika. Ungamo lililoahirishwa, na Jumapili ikapita salama. Tunarudi salama, tunarudi tena salama, na kila kurudi kunatuambia kwamba sauti ile ya chuma ni kawaida yetu.

Hatuna dawa mpya. Kanisa limetupa mitambo yote ya ukaguzi: kutafuta dhamiri kila jioni, ungamo, mlezi wa kiroho, mafungo ya kila mwaka. Hayo ndiyo mabanda ambamo chombo kinaangaliwa kigae kwa kigae. Tunachoweza kuongeza kutoka Mbagala ni kidogo. Kwanza, kila mmoja wetu awe na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusimama mlangoni na kumwambia hapandi. Pili, tusisubiri mtu huyo athibitishe kwamba tutaanguka; tuthibitishe sisi kwamba tuko salama. Tatu, tumlinde, maana atachekwa.

Likizo iliyopita tulimtembelea Mwalimu. Macho yamepungua nguvu, lakini sauti ni ile ile. Tulipokuwa tunaaga, alitushika mikono mmoja mmoja akauliza, "Enhe, mafrateri, mmezoea?" Tulijibu hapana, wote kwa pamoja, haraka. Alicheka. Alisema tumejibu haraka mno.

Mwaka huu parokia ilituomba tusimamie hija ya watumishi wa altare. Basi lilifika saa kumi na moja alfajiri. Mwenzetu alikuja na fimbo yake na fundi wa magari kutoka gereji ya jirani. Fundi aliingia chini ya basi na tochi, akakaa huko muda mrefu, akatoka akipangusa mikono. Alisema breki za nyuma upande mmoja zimekaribia kuisha; linaweza kufika na linaweza kurudi, lakini yeye asingempandisha mwanawe. Tulilirudisha, tukatafuta jingine. Watoto walilia. Wazazi wawili walitusema kwa sauti, na mmoja akauliza kama seminari siku hizi inafundisha umakanika.

Tuliondoka saa moja asubuhi, tukiwa tumechelewa saa mbili. Tulikwenda tukarudi. Hatujui kama tuliokoa kitu chochote, na hatutajua kamwe. Tulipompigia Mwalimu simu usiku kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema tukalale, kesho kuna Misa ya kwanza.